Waundaji wa tovuti wanatufungia milango sisi tusioona

Wapo watu wengi, na miongoni mwao wamo walimu wenzangu wenye nia njema kabisa, wanaodhani kwamba kipofu akishapata tarakilishi inayosema basi dhiki yake ya kusoma imekwisha. Huniona nimeketi katika chumba cha walimu, vipokea sauti masikioni, vidole vikikimbia juu ya kibodi, nao husema: "Siku hizi nyinyi hamna taabu tena, mashine inawasomea kila kitu." Nami huwajibu kwa tabasamu tu, kwa kuwa jibu kamili ni refu na kengele ya kipindi huwa i karibu kulia. Makala haya ndiyo jibu lenyewe.

Sikatai kwamba tumepiga hatua kubwa. Mimi ni wa kizazi kilichosomeshwa kwa Breli, yale maandishi ya nukta sita aliyoyabuni Mfaransa Louis Braille katika karne ya 19, na anayeyajua maandishi hayo anaujua pia uzito wake. Riwaya moja nyembamba ya kidato cha tatu hujaza majuzuu kadhaa mapana, na mwanafunzi huyabeba kama mzigo wa sokoni. Gazeti nalo lilikuwa kitu cha kusomewa. Ulimsubiri ndugu au rafiki apate nafasi, naye alipoipata alikusomea yale yaliyompendeza yeye, aghalabu kandanda, kisha akakumbuka kwamba ana kazi nyingine. Leo hii gazeti nalisoma mwenyewe kabla ya mapambazuko. Anayesema kwamba hilo ni jambo dogo hajawahi kuomba kusomewa.

Chombo kilicholeta mabadiliko hayo ni programu ya kusoma skrini. Kazi yake ni kuyachukua maandishi yaliyomo katika tarakilishi au rununu na kuyageuza kuwa sauti, au kuwa nukta za Breli zinazoinuka na kushuka chini ya vidole. Inafaa wanafunzi wajue kwamba programu mashuhuri za aina hii hazikuanzishwa na watu waliotuonea huruma kutoka mbali. JAWS, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1989, ilianzishwa na Mmarekani Ted Henter, aliyekuwa mshindani katika mbio za pikipiki kabla ya kupoteza macho yake katika ajali ya gari mwaka wa 1978. NVDA, ambayo hutolewa bila malipo na ambayo ndiyo niitumiayo, ilianzwa mwaka wa 2006 na Michael Curran wa Australia, kijana asiyeona, akishirikiana na mwenzake James Teh ambaye naye haoni. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawa walikilalia, wakawajua kunguni mmoja mmoja, wakawaua wengi.

Iweje basi bado ninalalamika? Ni kwa sababu programu hii haina macho. Ukurasa wa tovuti una sura mbili. Sura ya kwanza ni ile iliyopakwa rangi na kupambwa kwa picha ili mwenye macho aifurahie. Sura ya pili imo katika msimbo ulio chini yake, na humo ndimo mwundaji wa ukurasa anapopaswa kueleza kwa maneno: hiki ni kichwa cha habari, hiki ni kitufe cha kutuma, hili ni sanduku la kuandikia jina, hii ni picha ya fulani akipokea tuzo. Programu yangu husoma sura hii ya pili. Mwundaji akiiandika vyema, nami nasoma vyema. Akiiacha tupu, ninachosikia ni "kitufe, kitufe, kitufe", mfano wa msomaji wa taarifa ya habari aliyepewa karatasi yenye mapengo na kuamriwa aendelee kusoma.

Mwenye macho huutazama ukurasa mara moja tu, akaona habari kuu iko wapi, tangazo liko wapi, na wapi pa kubofya. Sikio halina uwezo huo. Sikio hupokea neno baada ya neno, kutoka juu hadi chini, kwa mpangilio. Kwa sababu hiyo tunategemea sana vichwa: nikibonyeza herufi H, programu hunirusha kutoka kichwa kimoja hadi kingine, nami nikafika ninakotaka kwa muda mfupi. Shirika la Marekani liitwalo WebAIM lilipowauliza watumiaji wa programu hizi kati ya Desemba 2023 na Januari 2024, zaidi ya thuluthi mbili yao walisema kwamba wanapotafuta jambo katika ukurasa mrefu hutangulia kupitia vichwa. Lakini ni tovuti ngapi ambazo vichwa vyake ni herufi zilizokuzwa na kukolezwa wino tu, bila kutajwa kuwa vichwa katika msimbo! Katika tovuti ya namna hiyo nabonyeza H nikaambiwa hakuna kichwa chochote, na sina budi kusikiliza orodha nzima ya viungo vya juu, kimoja baada ya kingine, kila nifunguapo ukurasa mpya. Na viungo vyenyewe! Programu inaweza kuniwekea viungo vyote vya ukurasa katika orodha moja. Huwa naifungua na kusikia: "Soma zaidi. Soma zaidi. Soma zaidi. Bofya hapa. Soma zaidi." Nisome zaidi kuhusu nini?

Picha zisizo na maelezo zimekuwa kero ya kila siku, nami sitazikalia sana. Kibaya zaidi ni waraka ulioandikwa kwa tarakilishi, ukachapishwa katika karatasi, ukapigwa sahihi na mhuri, kisha ukapigwa picha kwa mashine na kuwekwa mtandaoni kama picha. Maandishi yalikuwepo, yameuawa njiani. Mwenye macho haoni tofauti yoyote. Mimi huufungua waraka wenye kurasa 40 nikaambiwa kwamba ni mtupu. Ziko mbinu za tarakilishi kuzikisia herufi kutoka kwenye picha, na huzitumia, ila majedwali huvurugika, na nambari ya mstari mmoja ikahamia mstari mwingine. Mwalimu anayetafuta tarehe ya mwisho ya kutuma maombi hawezi kuridhika na makisio.

Hebu nitoe mfano mmoja ulionipata mwenyewe. Nilitakiwa kujaza fomu katika tovuti ya ofisi moja ya umma. Sehemu za kujaza zilikuwa nyingi na takriban zote hazikuwa na lebo. Kila nilipofika katika sehemu moja, programu ilisema "sanduku la kuandikia, tupu", ikanyamaza. Nikawa nabahatisha: yamkini hili ni jina la kwanza, yamkini hili ni la baba. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa haikubali kuandikwa, bali ilitaka kuchaguliwa kwa kipanya katika kalenda ndogo iliyochorwa. Kipanya kwangu hakina maana, kwani sioni ninachokielekezea. Nilipofanikiwa kulivuka hilo kwa mbinu ambazo sitawachosha wasomaji nazo, nikakutana na mtihani wa picha: chagua picha zote zenye taa za barabarani.

Mitihani hiyo huitwa CAPTCHA, jina lililotungwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na shabaha yake ni kumtenga binadamu na mashine. Kwa kipimo hicho mimi si binadamu. Baadhi ya tovuti huweka njia mbadala ya sauti, hii haikuweka. Nikiwa bado natafuta njia, tovuti iliamua kwamba nimekaa mno bila kufanya kitu, ikanifungia nje na kuyafuta yote niliyokuwa nimeyaandika.

Hatimaye nilienda kwa kijana wa duka la huduma za mtandao, nikaketi kando yake mbele za watu, nikamtajia nambari yangu ya kitambulisho, nambari yangu ya ushuru, mshahara wangu na neno langu la siri. Aliijaza fomu kwa dakika chache na kunitoza ada yake ya kawaida. Alikuwa kijana muungwana na sina lawama juu yake. Lakini fikirini: katika darasa langu nawafunza wanafunzi kwamba neno la siri halipewi mtu yeyote, hata rafiki wa karibu. Anayeunda tovuti isiyosomeka ameniamuru nimwaminie mpita njia mambo yangu ya siri, na iwapo siku moja nitaibiwa, nitaulizwa kwa nini sikujihadhari. Niliiandikia ofisi hiyo barua-pepe ya malalamiko. Nilijibiwa baada ya majuma mawili kwa barua iliyopigwa mhuri na kutumwa kama picha.

Sasa niingie katika jambo ambalo, kama mwalimu wa Kiswahili, linanichoma zaidi ya hayo yote. Sauti ya programu husoma kwa kanuni za lugha fulani. Ukurasa wa Kiingereza husomwa kwa sauti ya Kiingereza, wa Kifaransa kwa sauti ya Kifaransa, na programu hujua ibadilishe lini kwa kuwa mwanzoni mwa msimbo wa kila ukurasa kuna mahali pa kutaja lugha. Kwa Kiswahili panahitajika herufi mbili tu, s na w. Herufi hizo zikiwapo, na sauti ya Kiswahili ikiwa imo katika programu, mambo huenda sawasawa. Na sauti hiyo ipo! Imo katika eSpeak, kitamkishi cha bure kinachokuja pamoja na NVDA, japo matamshi yake ni makavu kama ya mtu mwenye mafua. Tena Google huitoa kwa ajili ya rununu za Android.

Lakini nenda katika tovuti zetu za Kiswahili, za habari, za elimu, za dini, hata zile zinazojinasibu kukitetea Kiswahili. Nyingi katika hizo nizisomazo zimejengwa juu ya vielelezo vilivyotengenezwa ughaibuni, na mahali pa lugha pameachwa kama palivyokuja, yaani pametajwa Kiingereza. Programu yangu huamini ilichoambiwa. Basi huchukua maneno mepesi "mume wake" na kuyatamka "myum weik". "Pole" huwa "poul", ule mlingoti wa Waingereza. "Mate" huwa "meit", "wale" huwa "weil", na mwaka wa 2010 husomwa "twenti ten" katikati ya sentensi ya Kiswahili. Nimewahi kumsikiliza mshairi wetu mmoja akisomwa hivyo, vina vyote vikiwa vimevunjika kama vyungu. Kwa ukurasa mmoja utacheka. Kwa makala ya saa nzima kichwa huuma, kwa kuwa kila neno linataka kufasiriwa upya kabla ya kueleweka: ni sawa na kusikiliza mgeni aliyefika bandarini jana akisoma barua ya mamako.

Kinaya ni kwamba Kiswahili ni miongoni mwa lugha rahisi sana kusomwa na mashine. Irabu zetu ni tano na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache ya kuazima. Mashine ya kusoma Kiingereza hubebeshwa kanuni nyingi na orodha ndefu ya maneno yasiyofuata kanuni. Ya Kiswahili ingeweza kuelezwa na mwanafunzi hodari wa kidato cha pili. Lugha nyepesi hivyo ndiyo inayosomwa vibaya hivyo, na sababu ni kwamba wenyewe hatukuandika herufi mbili.

Nawafikiria hasa watoto. Mtoto anayeona hujifunza tahajia kwa kuliona neno mara mia bila kukusudia, barabarani, katika pakiti ya unga, ubavuni mwa matatu. Mtoto asiyeona ambaye shuleni kwake Breli imeanza kuachwa, kwa kuwa "tarakilishi ipo", hulipata neno kupitia sikio peke yake. Akisomewa "myum weik", atajuaje kwamba ni mume, wala si neno jingine la kigeni? Nimesahihisha insha za wanafunzi wasioona wenye akili kali na mawazo mazuri, wanaobabaika katika tahajia ya maneno ya kila siku, na nikishauriana nao nagundua kwamba hawajawahi kuyasoma maneno hayo. Wameyasikia tu, na huenda wameyasikia kwa ulimi wa Kizungu.

Watetezi wa hali hii husema kwamba kurekebisha tovuti ni ghali, na kwamba sisi ni wachache. Hoja hiyo ni kongwe na ilikwisha kupimwa. Mwaka wa 1999 Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, aliishtaki kamati iliyoandaa Michezo ya Olimpiki ya Sydney mbele ya tume ya haki za binadamu ya nchi yake, kwa sababu hakuweza kusoma tovuti ya michezo hiyo: picha hazikuwa na maelezo, na majedwali ya matokeo hayakumfaa. Kamati ilijitetea kwamba marekebisho yangegharimu zaidi ya dola milioni mbili za Australia na kuchukua zaidi ya mwaka mzima. Tume haikushawishika. Agosti 2000 iliamua kwamba Maguire alibaguliwa, na kamati ilipokosa kutekeleza kikamilifu ilichoamriwa, ilitakiwa kumlipa dola 20,000.

Kwetu Kenya sheria haikosekani. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia Breli na njia nyingine za mawasiliano zinazomfaa, na ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao nchi hii iliuridhia mwaka wa 2008, unaitaja intaneti kwa jina. Mwaka wa 2022 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilitoa kiwango KS 2952 kuhusu vifaa na huduma za teknolojia kuwafaa watu wenye ulemavu, na Mei 2025 ikatiwa sahihi sheria mpya ya watu wenye ulemavu kuchukua mahali pa ile ya 2003. Mwongozo wa kimataifa wa kuunda tovuti zinazosomeka na wote umekuwepo tangu 1999, na toleo lake la 2008 liliweka sharti la kutaja lugha ya ukurasa katika daraja la kwanza kabisa, lile ambalo asiyelitimiza hajatimiza lolote. Hayo yote yapo, na bado nasikia "kitufe, kitufe". Wala si sisi tu. WebAIM ilipochunguza kurasa za mbele za tovuti milioni moja maarufu duniani mwaka wa 2025, ilikuta makosa yanayoweza kugunduliwa na mashine katika asilimia 94.8 ya kurasa hizo. Makosa yaliyoongoza yalikuwa yale yale: rangi hafifu, picha zisizo na maelezo, fomu zisizo na lebo, viungo vitupu, vitufe vitupu, lugha isiyotajwa.

Haki nayo isemwe: programu zetu zina ila zake. Huganda zikikutana na ukurasa mzito uliosheheni matangazo, na nyingine zinauzwa kwa bei inayomshinda mwalimu wa kawaida. Ila hizo navumilia, kwa kuwa waundaji wake wakiandikiwa hujibu, tena kwa maandishi yanayosomeka.

Walimu wenzangu wasidhani kwamba nawazungumzia wataalamu wa tarakilishi pekee. Siku hizi kila mwalimu ni mchapishaji. Ratiba ya mitihani hupigwa picha ubaoni na kutumwa katika kundi la WhatsApp. Muhtasari wa fasihi hupigwa picha kutoka daftarini. Tangazo la mkutano wa wazazi hupambwa kwa maua na kutumwa kama bango. Mwanafunzi asiyeona aliyemo katika kundi hilo husikia "picha", basi. Dakika mbili za kuandika ratiba hiyo kwa maneno zingemtosha. Na anayeandika maswali kwa tarakilishi ajue kwamba programu za kawaida za kuandikia zina mahali pa kutaja lugha ya waraka, na Kiswahili kimo katika orodha. Tena zina vichwa vilivyokwisha tengenezwa, ambavyo mwandishi huvichagua badala ya kukoleza wino. Ukivitumia, mimi nikibonyeza H nitafika katika swali la tano bila kupitia manne ya kwanza.

Muhula uliopita nililiomba jambo hili katika mkutano wa walimu wa idara yetu. Wenzangu wawili wameanza. Mmoja wao, mwalimu wa Jiografia, ameniuliza swali gumu kuliko yote niliyoyataja hapa: ramani ya mvua ya Bonde la Ufa ielezwe vipi kwa maneno, ili mwanafunzi asiyeona apate kiasi kile kile anachokipata jirani yake anayeona, bila kupewa jibu la swali la mtihani? Tumeketi mara mbili juu yake, na tumefika Nakuru.